Kigae cha kale kinaweza kuamua mpaka?

Mwalimu_Kisumu
Kila mzozo wa mpaka ukizuka huku Nyanza, hakosi mtu wa kuinua kigae cha chungu au kutaja kuta za mawe za kale za Thimlich Ohinga, kule Migori, akisema "sisi ndio tuliotangulia." Wanafunzi wanauliza kama akiolojia inaweza kuamua. Niwajibuje?

Vigae_Yala
Mwalimu, kigae hakisemi lugha ya aliyekifinyanga. Vyungu vya Urewe, aina ya vyungu vya kale, vimepewa jina la mahali huku Siaya, lakini vimepatikana pia Uganda, Rwanda, Burundi na Buhaya, Tanzania. Anayetaka kuvifuata achore mpaka unaomeza nchi hizo zote! Tena kigae cha kuokota shambani kimeshahamishwa na jembe na mvua. Thamani yake iko kwenye tabaka kilimolala, pamoja na mkaa wa kupimwa umri kwa kaboni. Kukichimbua ovyo ni kuua ushahidi, na Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya 2006 inadai kibali.

Thimlich nayo ilijengwa kwa mawe matupu, bila udongo wa kuyashikanisha, kimo cha mita 1.5 hadi 4.5, yapata karne ya 16. Kuta hizo zililinda watu na mifugo, na jamii mbalimbali zilipokezana kuishi humo. Ni kuta za maboma, si za mpaka.

Jiwe_Nakuru
Kweli, ila tusiwaambie watoto kwamba zamani hapakuwa na mipaka. Tazameni obsidiani, lile jiwe jeusi la kioo cha volkano. Wafugaji wa kale ambao wanaakiolojia huwaita wa Elmenteita walitumia zaidi la mlima Eburru. Wafugaji wenzao wa enzi hiyohiyo walichukua la upande wa Naivasha, ingawa machimbo yote yamo katika Bonde la Ufa. Mgawanyo huo ulidumu karne nyingi. Na jiwe la Eburru limefika hadi Gogo Falls, Migori, zaidi ya kilomita 150. Kwangu huu ndio ushahidi mzito kuliko wote: watu walijitenga na huku bidhaa zikisafiri mbali.

Asili ya jiwe hujulikana kwa mashine ya eksirei isiyoliharibu. Hupima kiasi cha elementi kama rubidi, stronti na zirkoni, kisha hulinganisha na sampuli za machimbo. Kipande chembamba mno hupotosha vipimo, na chimbo lisilochukuliwa sampuli halitambuliki.

Mwalimu_Kisumu
Na mpaka wa mkoloni?

Vigae_Yala
Hadi 1902 Kisumu na Nakuru zilikuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda, zikahamishiwa Afrika Mashariki ya Kiingereza (Kenya ya baadaye) kwa amri tu. Wachoree ramani tatu kwa kipimo kimoja: Urewe, obsidiani ya Eburru, na mpaka wa kabla ya 1902. Wazipange moja juu ya nyingine kwenye karatasi angavu, watafute mahali mistari inapolingana.