Mnabishanaje na mtu msiyemjua kuhusu sava, Fomu 34A na hukumu bila kufika matusi?

Mwana_Likoni

Wakuu habarini humu. Siku ya tatu leo silali vizuri na sababu ni mtu nisiyemjua hata jina. Ilianza na komenti moja tu, jamaa kaandika ati uchaguzi wa 2022 hapa Kenya mashine za KIEMS, zile za tume ya uchaguzi za kutambua wapiga kura, ndizo zilizohesabu kura, kwa hivyo mwenye paswedi ndiye aliyetuchagulia rais. Nikamjibu mashine haihesabu kura, kura zinahesabiwa kwa mkono mezani, mawakala wakiona. Basi nikawa nimechokoza nyuki. Toka hapo ni mimi na yeye mpaka saa nane za usiku, akileta sava, zile kompyuta za tume zinazopokea matokeo, mimi naleta Fomu 34A, ile karatasi ya matokeo ya kituo, nikileta fomu yeye analeta hukumu ya 2017 iliyofuta uchaguzi wa rais, nikishika ya 2017 anaruka kwa ile asilimia 0.01 ya makamishna wanne wa tume walioyakataa matokeo ya 2022, nikisema nimjibu hiyo kashahama yuko kwa majaji wamenunuliwa. Hatutulii pahali pamoja hata kidogo.

Hili jambo linaniuma manake mimi nilikuwepo. 2022 nilipiga kura asubuhi na usiku nikarudi kituoni, darasa la shule ya msingi, nikaikuta fomu imebandikwa mlangoni kwa selotepu, pembe moja ishaanza kubanduka kwa unyevu, nikapiga picha. Picha iko kwa simu mpaka leo. Ile ya kwenye mtambo wa tume nikaifungua kesho yake nikalinganisha namba kwa namba na zilikuwa sawa. Sasa mtu ananiambia niliyoyaona kwa macho yangu ni ya kutungwa, nami simwelewi.

Jana kanitukania mama. Nikaandika jibu refu, matusi matupu, alafu nikalisoma nikalifuta. Naomba mnisaidie, ninyi mnaobishana siasa na watu msiowajua mnashika wapi mpaka mtu asikie? Na kama kuna mahali mimi ndio nimekosea niambieni wazi.

Zungu_la_Unga

Mbloki. Bando lako ulilinunua kwa pesa yako, kwa nini ulimalizie kwa mtu anayekutukania mzazi.

FundiKodi

Mimi ni mtu wa programu na hii mada ya KIEMS nimebishana nayo tangu 2017 kwa hivyo najua hiyo njaa uliyo nayo.

Kwanza hapo kwa mashine uko sawa. Ile KIEMS ina kazi mbili siku ya uchaguzi, inakutambua kwa kidole asubuhi, na usiku inapiga picha Fomu 34A na kuituma. Katikati hapo ni karatasi, sanduku na vidole vya watu. Lakini ndugu yangu huyo jamaa hakuyaokota haya hewani. 2017 ile mashine ilikuwa inatuma vitu viwili, afisa anaandika namba kwa kubonyeza, na picha ya fomu inafuata. Kilichotokea ni kwamba namba zilikuwa zinamiminika kwenye skrini pale Bomas, ukumbi wa kujumlishia kura Nairobi, na kwenye tivii na fomu zenyewe hazionekani. Tume yenyewe ilisema vituo 11,155 viko nje ya mtandao wa 3G, na vyote vilikuwa 40,883, hebu piga hesabu ni zaidi ya robo. Mkenya ameketi kwake anaona namba zinapanda na hana karatasi ya kuzilinganisha nayo, wewe ungeamini nini? Wimbo wa fungueni sava ulizaliwa hapo na ulikuwa na haki ya kuzaliwa. 2022 ndio wakabadilisha, kwa kura ya rais ikawa inatumwa picha peke yake, fomu za vituo 46,229 zikawekwa wazi na ndani ya siku mbili karibu zote zimeshaingia, mtu yeyote mwenye simu na subira akaweza kujumlisha mwenyewe. Kwa hivyo ukimwambia tu "mashine haihesabu" umemjibu ya 2022 na kidonda chake ni cha 2017.

Sasa ile 0.01 usiiruke manake hiyo ndio zawadi, ni kitu ambacho watu wawili wasioaminiana wanaweza kukifanya kwa kalkuleta moja. Asilimia za wagombea wanne wa urais zilizotangazwa 2022 zilikuwa 50.49, 48.85, 0.44 na 0.23. Jumlisha unapata 100.01. Makamishna wanne wakasimama hoteli ya Serena tarehe 16 Agosti wakasema hiyo 0.01 ni kama kura 142,000. Chukua kura halali 14,213,027 uzidishe kwa 0.01 kisha ugawe kwa 100. Unapata 1,421. Elfu moja mia nne. Na hata hizo 1,421 hakuna sanduku lilikozitoa, zilitoka kwa kukadiria desimali. Chukua kura zenyewe 7,176,141 na 6,942,930 na 61,969 na 31,987, gawa kila moja kwa hiyo jumla uone, ya kwanza inakuja 50.4899 ikapandishwa, ya pili 48.849 na kitu ikapandishwa, ya tatu 0.436 ikapandishwa, ya nne inapita 0.225 kwa nywele ikapandishwa nayo. Zote nne zimepanda juu, basi lazima jumla izidi 100. Kura zenyewe ukizijumlisha hazizidi hata moja.

Usimpe jibu. Mwambie ashike simu yake apige hesabu yeye, wewe kaa kimya. Mimi nimeona watu wakinyamaza hapo kwa kitu walichokipata wenyewe, na nikiwaandikia mimi wananiita kibaraka.

Wakili_wa_Kona

Fundi umeeleza vizuri ila nakupinga mahali pamoja, unaongea kama fomu zikijumlika basi maneno yamekwisha. Kisheria hayajaisha. Katiba Ibara ya 86 inataka mfumo uwe rahisi, sahihi, unaothibitika, salama, unaowajibika na wa uwazi, hesabu sahihi ni neno moja tu kati ya hayo. Ndio maana 1 Septemba 2017 majaji wanne dhidi ya wawili wa Mahakama ya Juu walifuta uchaguzi wa rais, na watu wengi mpaka leo wanabishana kuhusu hukumu ambayo hawajaifungua. Upande mmoja unasema korti ilisema kura ziliibwa. Haikusema hivyo, na haikusema fulani ndiye alishinda. Upande mwingine unasema korti ilifuta kwa mambo madogo ya kompyuta. Hilo pia si kweli. Ilichosema ni kwamba uchaguzi ni mchakato, si tukio la siku moja, na kwamba upeperushaji wa matokeo haukufuata Katiba wala sheria, na tume ilipoamriwa kufungua sava haikutii kikamilifu, basi korti ikachukulia kwamba kilichofichwa kingeiumiza tume. Kwa mwanasheria hapo ndipo penye uzito, ukiwa na ushahidi na ukakataa kuutoa, usishangae ukihukumiwa kwa kukataa kwako.

Na kuna hukumu nyingine watu wanaisahau. 23 Juni 2017, kesi ya Maina Kiai, Mahakama ya Rufaa ilisema matokeo ya rais yanayotangazwa katika eneo bunge ni ya mwisho, Nairobi hawana ruhusa ya kuyageuza. Kwa hivyo karatasi ya kituoni ilishapewa nguvu kabla ya uchaguzi wenyewe.

2022 ni kesi tofauti kabisa. 5 Septemba majaji wote saba walitupa maombi ya kufuta matokeo, na safari hii sava zilikaguliwa chini ya msajili wa mahakama, fomu za awali zikalinganishwa na zile za kwenye mtambo, na baadhi ya nyaraka za kompyuta zilizoletwa kuonyesha udukuzi zikaonekana ni za kughushi. Jamaa yako akikwambia mbona 2017 korti ilikubali na 2022 ikakataa, ukimjibu "kwa sababu majaji ni majaji" umempoteza. Mwambie 2017 mlango ulifungwa na 2022 ulifunguliwa.

Mwana_Likoni umeuliza ulipokosea. Umekosea kumfuata. Yeye anahama nawe unabeba mkoba unahama naye. Kortini hatuendi hivyo, tunaandika kwanza hoja za kuamuliwa, kila hoja na kituo chake. Mwandikie tu, "leo tuzungumze moja, ni ipi wewe unaona ni nzito kuliko zote?" na umwache achague yeye. Akihama mrudishe hapohapo kwa adabu. Na kama unataka aamini unamsikiliza, anza kwa kukubali kile ambacho kwake ni cha kweli, mwambie ya 2017 ulikuwa na haki ya kulalamika na korti ya juu kabisa ilikubaliana nawe. Ukianzia kumkatalia kila kitu hata yale ya kweli hatakuamini kwa lolote.

Kibaha_Kwetu

Wakuu mimi ni Mtanzania naomba niingie kidogo. Nimesoma uzi wote nikabaki nimeshika tama. Nyie mnabishana hukumu ya 2017 ilisema nini na ya 2022 ilisema nini, jaji yupi alipinga, ukurasa upi. Huku kwetu Katiba Ibara ya 41(7) inasema tume ikishamtangaza mtu kuwa rais, mahakama yoyote haina mamlaka ya kuchunguza. Mahakama ya Afrika pale Arusha ilisema mwaka 2020 kwamba kifungu hicho kinakiuka haki za watu. Sisi tukibishana na mtu mtandaoni kuhusu urais hatuna hukumu ya kumwambia fungua usome, tunabaki na nilisikia na niliambiwa na ndugu yangu alikuwepo, na huo ubishi hauna pa kuishia. Kwa hiyo mkuu usimbloki huyo mtu. Mna karatasi, mna hukumu, kaeni chini na karatasi.

MamaKarani_Kilifi

Mwanangu Mwana_Likoni shikamoo zako nimezipokea hata kama hujanipa. Mimi nilikuwa karani kituoni, nimefanya chaguzi mbili. Nataka kukueleza kitu ambacho hawa mabwana wasomi hawajakisema.

Usiku ule wa kuhesabu tunakaa chumba kimoja, mawakala wa vyama, waangalizi, sisi makarani na afisa msimamizi, tuna taa ya betri mezani kwa sababu stima haiaminiki. Sanduku linavunjwa lakiri, karatasi zinamwagwa mezani, na moja moja inainuliwa juu. Afisa anasema jina kwa sauti, anaizungusha kila wakala aione tiki, alafu inawekwa kwenye fungu lake. Ikiwa na shaka wanabishana papo hapo na ile iliyoharibika inawekwa kando. Karatasi mia nne mia tano hivo, kila moja inainuliwa. Mkono unauma, macho yanawasha, mtu hajala tangu alfajiri. Ikiisha fomu inaandikwa, mawakala wanatia sahihi, kila mmoja anapewa nakala yake, moja inabandikwa mlangoni. Nimeona mawakala wa vyama vinavyotukanana redioni wakigawana mandazi na chai ya thamosi moja saa tisa za usiku na kutia sahihi karatasi moja.

Sasa mtu ambaye hakuwahi kukaa chumba kile ukimwambia "kura zinahesabiwa kwa mkono" ni maneno tu kwake. Na aliyekaa, huenda aliona kingine. Wewe umembishia siku tatu, je umemuuliza siku ile yeye alikuwa wapi? Muulize. Na hilo tusi la mama mwambie halikufai wala halimfai, uliseme mara moja uliache.

Mwana_Likoni

Shikamoo mama, na nisamehe kwa kuchelewa. Wakuu wote ahsanteni, Wakili umenigonga pale kwa mkoba na nimekubali.

Nimefanya alivyosema mama. Usiku wa jana sikumjibu hoja hata moja, nilimwandikia tu, lile tusi limeniuma kwa sababu mamangu ni marehemu, na alafu nikamuuliza 2017 siku ya kura wewe ulikuwa wapi. Akakaa kama saa nzima hajajibu, nikadhani ndio basi. Kisha ikaja meseji ndefu sana bila nukta wala koma.

Alikuwa wakala. Kituo chao kiko mbali na barabara, mtandao hakuna kabisa, wakamaliza kuhesabu kama saa saba za usiku, wakatia sahihi, na mashine ikakataa kutuma, wamejaribu nje ya darasa, wamepanda kichuguu, wapi. Mwishowe afisa na askari wakapanda pikipiki kuutafuta mtandao na yeye akabaki amesimama gizani na nakala yake ya fomu imekunjwa ndani ya shati. Anasema toka pale akawa hajui kilichotumwa ni kile alichotia sahihi ama ni kingine, na alipofika nyumbani asubuhi tivii ishaonyesha namba za nchi nzima na hakuna fomu ya kwao popote. Akasema mwaka huo alipoteza kitu ambacho hajui akiite nini.

Wakuu mimi siku tatu nilikuwa namwita mjinga mtu huyu.

Nikamwambia ulikuwa na haki, na majaji wanne walisema hivyo. Akaniomba radhi kwa lile tusi, nikapokea. Tukaingia kwa 0.01, nikamtumia zile kura nne kama alivyosema Fundi nikanyamaza. Dakika kumi baadaye akaniuliza, "mbona mimi napata elfu moja mia nne, nimekosea wapi?" Nikamwambia hujakosea, rudia tena. Akarudia.

Hajakubali kila kitu, bado anaamini kuna mchezo ulichezwa na kwa majaji hatujafika. Leo asubuhi akaniuliza swali ambalo mimi silijui, kama zile kura zilizoharibika zinaingia kwenye ile hesabu ya rais kupita nusu ya kura ama haziingii. Wakili upo?

Wakili_wa_Kona

Nipo. Haziingii, Mahakama ya Juu iliamua hivyo mwaka 2013, zinahesabiwa zile halali peke yake. Lakini mwambie azijumlishe tu aone mwenyewe. 2022 zilikuwa 113,614. Aziongeze kwa ile 14,213,027, agawe 7,176,141 kwa jumla hiyo, aje atuambie amepata ngapi.

Mwana_Likoni

Nimempelekea. Anasema anatafuta kalamu.