Setilaiti milioni moja kuzunguka jua: nani atazizuia zisigongane?

MwalimuWaUmoja
Habari zenu. Nafundisha fizikia kidato cha tatu hapa Umoja. Juzi niliwaeleza wanafunzi wazo la Freeman Dyson la mwaka 1960, kwamba viumbe wenye teknolojia kubwa wangeweza kulizingira jua lao kwa vyombo vya kukusanya mwanga. Msichana wa dawati la nyuma akauliza, "Na nani atavizuia visigongane?" Nikachukua chungwa, nikalivisha mipira miwili ya kufungia noti, nimwonyeshe kuwa nafasi ipo tele. Mipira ikakatana. Nikaisogeza, ikakatana tena, mahali pawili kila mara. Sikutaka kumdanganya. Nimpelekee jibu gani Jumatatu?

FundiWaKasarani
Mwalimu, huyo binti ameshika penyewe. Duara zote zina jua katikati, kwa hiyo mbili zenye ukubwa sawa lazima zikatane.

Anza na duara moja. Kwenye umbali wa dunia, km milioni 150 kutoka kwa jua, mzingo wake ni km milioni 940. Zipange humo setilaiti milioni moja: kila moja iko km 940 kutoka kwa jirani yake, karibu safari ya Mombasa kwenda na kurudi. Zote zinakimbia km 30 kwa sekunde, hakuna inayoifikia nyingine.

Balaa ni duara la pili. Likilikata la kwanza kwa pembe mraba, setilaiti zake zinakutana na za kwanza kwa km 42 kwa sekunde. Setilaiti mbili, Iridium 33 na Kosmos 2251, ziligongana juu ya Siberia mwaka 2009 kwa km 11.7 tu kwa sekunde, zikaacha maelfu ya vipande. Kwa hiyo mpira wa pili uvishe balungi, si chungwa. Ukilisogeza duara la pili nje km 1,000, za ndani zitazitangulia za nje km 9,400 hivi kila mwaka, lakini njia hazigusani.

BintiMakueni
Hiyo ni sawa ubaoni, kaka. Sayari ya Mshtarii inazivuta duara hizo miaka yote, na mwanga wenyewe unasukuma: bapa linalouakisi hupata shinikizo la maikropaskali 9 hivi. Ni kidogo mno, ila haukomi. Uzuri ni kwamba msukumo huohuo ni usukani. IKAROS, chombo cha angani cha Japani kinachosukumwa na mwanga, mwaka 2010 kiligeuza tanga lake kwa kubadilisha tu jinsi kingo zilivyoakisi mwanga, bila tone la mafuta.

Ninazoziogopa ni setilaiti zilizokufa. Moja ikianza kupinduka ovyo, mwanga unaisukuma tofauti na wenzake, na haisikii tena amri. Kwetu ni Makueni. Desemba 2024 pete ya chuma ya kilo 500 hivi ilitua kijijini Mukuku kutoka angani, na mama bado hutazama juu akisikia mngurumo.

MwalimuWaUmoja
Asanteni sana. Balungi nimepata Marikiti. Swali la iliyokufa nitamwachia yeye aliulize darasa. Nadhani ndiko alikokuwa akielekea.