Wasomaji wangu wamempenda mwanaume asiye steringi. Nibadilishe mwisho wa simulizi?

Dada Kalamu (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri, hasa kwenu mnaokesha na seasoni za Kikorea, Kichina na Kijapani, maana nahisi kosa langu limeanzia huko huko.

Naandika simulizi za kulipia kwenye magrupu ya WhatsApp. Sehemu moja kila usiku saa tatu, msomaji analipa 2,000 mpaka mwisho. Hii ya sasa nimeipanga iwe na sehemu 50, tumefika ya 38. Zuhura ni muuguzi, yuko Tanga. Steringi ni Faraji, mtoto wa tajiri wa mabasi. Jeuri, mdomo wake mchafu, ila ndani kabisa (kwa mpango wangu) ana mapenzi ya kweli. Halafu yupo Shomari, fundi cherehani wa Ngamiani. Huyu nilimleta kwa kazi moja tu: sare ya Zuhura imechanika, amshonee, aende zake.

Akashona, hela akakataa. Akamwambia, "Nimeacha upindo kwa ndani. Ukinenepa rudi tuutoe." Basi. Sentensi hiyo niliiandika jikoni nikisubiri ubwabwa ukauke, na ndiyo imenivurugia kila kitu. Grupu zima ni Shomari, Shomari. Kuna mmoja amebadilisha jina lake la WhatsApp anajiita Mke wa Fundi. Wengine wananiambia wazi kwamba Zuhura akiolewa na Faraji, niwarudishie 2,000 zao.

Nikiri tu: Faraji nimemchota kwa Gu Jun-pyo, steringi tajiri wa seasoni ya Kikorea, Boys Over Flowers. Ile ya 2009 ilitukuta sekondari, sidii tunaazimana mpaka zinakwaruzika. Jun-pyo alimfanyia Jan-di, yule binti anayekuja kumpenda, kila kisa, kadi nyekundu kwenye kabati lake, shule nzima ikamgeuka, na bado tulimlilia yule kaka mpaka macho yanavimba. Sasa kwa nini Faraji akimvuta Zuhura mkono mbele ya wagonjwa, sehemu ya 12, watu wananiandikia "huyu apelekwe polisi"? Mimi ndiye sijui kuandika au watu wamebadilika?

Zimebaki sehemu 12. Nibadilishe mwisho? Nimuue Shomari kwa ajali? Nikaze na mpango wangu?

Pweza Mkavu

Ukimuua Shomari na mimi nakudai 2,000, na simulizi yenyewe sijawahi kuisoma.

Bi Chungu Kimoja

Dada pole, hauko peke yako. Huu ni ugonjwa wa steringi wa pili, na mgonjwa mahututi kuliko wote niliyewahi kumuuguza ni Start-Up, ile ya Kikorea ya mwisho wa 2020.

Kumbuka ilivyoanza. Han Ji-pyeong ni kijana yatima, hana pa kulala, bibi mwenye kibanda cha vitafunwa anampokea. Bibi anamwomba amwandikie mjukuu wake Dal-mi barua za kumliwaza. Jina la kutia chini ya barua wakaliokota gazetini: Nam Do-san, mtoto aliyeng'ara kwenye mashindano ya hisabati. Barua zinawekwa kwenye kijumba cha ndege mtini. Yaani mwanzo wote tumeshinda na Ji-pyeong, tumeijua njaa yake na kiburi chake, tumemwona akimwandikia binti asiyemjua. Halafu ndiyo anakuja Do-san mwenyewe, eti huyu ndiye steringi. Wapi! Mtazamaji keshapokea posa ya mwingine. Dal-mi kaolewa na Do-san, na mpaka leo ukiitaja Start-Up kwenye grupu watu wanatoleana maneno.

Do-san hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Ila Ji-pyeong alipewa barua, Do-san akapewa jina lililotiwa chini ya barua. Na wewe Shomari umempa upindo. Faraji umempa nini? Mabasi ya baba yake.

Msukuma Mpole

Napinga kidogo. Watu wanamsingizia Jun-pyo kwamba alipendwa kwa ujeuri. Alipendwa kwa sababu alikuwa kituko! Tajiri wa kutupwa, lakini kila methali anaikosea, kila akijaribu kumfurahisha Jan-di anaharibu. Anamngoja kwenye baridi na theluji kule Namsan, mlima wa Seoul, mpaka anakaribia kuganda. Nyumbani ana mama ambaye ukimwona tu unaelewa mtoto kajifunzia wapi ukatili. Faraji wako anachekesha wapi? Anamwogopa nani? Wewe umechukua kadi nyekundu ukaacha theluji.

Kuhusu kuvutana mikono, ndiyo, enzi zile ilikuwa kila seasoni, wanaume wawili wanamvuta dada huku na huku kama gunia la mahindi. Siku hizi Wakorea wenyewe wamepunguza. Mtu anayeandika leo asiirudie akitegemea makofi yale yale.

Ukitaka mwanaume mgumu anayelainika, rudia Crash Landing on You. Se-ri, tajiri wa Korea Kusini, kaangukia Korea Kaskazini akiruka na paraglaida (mwavuli wa kurukia angani), umeme unakatika, anamwambia Kapteni Ri, mwanajeshi wa huko, kwamba anapenda mishumaa yenye manukato. Kapteni anamletea mshumaa wa kawaida, ule wa kuwashia ndani. Hajui tofauti, kwake mshumaa ni mshumaa. Baadaye Se-ri anapotea sokoni usiku, watu wengi, giza. Anageuka, anaona mkono umenyanyuliwa juu ya vichwa vya watu, umeshika mshumaa unawaka. Na safari hii ni wa manukato. Hakuna busu pale, hakuna "nakupenda". Mtu alikosea kitu kidogo, akakikumbuka, akakirekebisha. Mpe Faraji kitu kidogo akikosee.

Mpemba wa Ssangmun

Ssangmun ndio mtaa wa Reply 1988, ile seasoni ya Kikorea, kwa hiyo jina langu linajieleza, niisemee.

Msimuue Shomari, jamani. Ajali ya gari ni njia ya mwandishi aliyechoka. Akose kwa mkono wake mwenyewe. Jung-hwan alimpenda jirani yake Deok-sun miaka na miaka. Kwenye basi lililojaa alimkinga na msukumano, mikono imetoka mishipa, neno hasemi. Ikafika siku Deok-sun yuko peke yake nje ya ukumbi wa tamasha, Jung-hwan anakimbiza gari, taa nyekundu, taa nyekundu tena. Anafika, anamkuta rafiki yao Taek keshafika, na Taek kaacha mechi yake ya baduk (mchezo wa ubao) ili awepo pale. Hapo Jung-hwan anakiri moyoni kwamba taa zisisingiziwe, ni kusitasita kwake. Nililia, lakini sikumlaumu mwandishi.

Shomari naye apewe nafasi, tena nafasi nzuri, mlango wazi kabisa, na asite. Msomaji akimwona amesita kwa macho yake, hatadai hela.

Chozi la Jung-hwan

Wewe hukumlaumu, mimi nalaumu tangu Januari 2016. Sehemu 20 wanatuchezesha kitendawili cha mume wa Deok-sun ni nani, dalili zote zinaelekea kwa Jung-hwan, halafu eti alisita. Kusita gani? Mwandishi ndiye aliyemsitisha! Ukitaka kuona mtu anayekosa mke kwa tabia yake, katazame The Story of Minglan, ile ya Kichina yenye sehemu zaidi ya 70. Qi Heng ni mzuri, msomi, ana adabu, na Minglan anampenda kweli. Ila mama yake akinyanyua sauti, yeye kwisha. Tangu mwanzo tunamwona hivyo, kwa hiyo siku anamkosa Minglan hakuna anayeshangaa. Unaumia tu na kuendelea.

Mpemba wa Ssangmun

Minglan mie nimeishia sehemu ya 9. Wanakunywa chai sana.

Baba Wawili

Mke wangu kanikalisha tukaangalia When Life Gives You Tangerines, ya Kikorea, ilipotoka 2025. Najuta. Yule Gwan-sik tangu kijana anauza kabichi za Ae-sun sokoni kwa niaba yake, huku Ae-sun mwenyewe kainamia kitabu. Wakioana, kwao wanaume wanakula meza yao na wanawake yao, jamaa anageuka na bakuli lake, anawapa wazee mgongo, anakula na mkewe. Sekunde chache tu. Tangu siku ile nikikaa mezani naangaliwa.

Ushauri sina. Nilitaka kusema tu.

Mzee wa Kasha

Mleta uzi, suala la hela usilidharau. Wakorea nao kwa muda mrefu walikuwa wakipiga picha huku seasoni inaendelea kurushwa, sehemu ya wiki ijayo bado iko kichwani kwa mwandishi, na kelele za watazamaji zinamfikia. Waigizaji hawalali, hadithi zinapinda katikati. Descendants of the Sun ya 2016 ndiyo ikawa gumzo kwa kupigwa yote kabla ya kurushwa. Kwa hiyo wewe kupigiwa kelele ukiwa sehemu ya 38 si jambo la ajabu, ndiyo kazi yenyewe. Sikiliza wanapoumia. Wanapokuelekeza dawa, usisikilize.

Nesi wa Zamu

Nimesoma majibu yote nikiwa mapumziko. Mimi ni muuguzi kweli, na nimelipia hiyo simulizi (Mke wa Fundi ni rafiki yangu, nitamchongea).

Mnagombania Faraji na Shomari kama vile Zuhura ni kiti cha dirishani. Sehemu 38, dada Kalamu, na sijui Zuhura anataka nini. Kila akiingia wodini, ama Faraji anatokea mlangoni ama anamwaza Shomari. Hajawahi kuchelewa kula. Hajawahi kuudhiwa na ndugu wa mgonjwa. Hana deni, hana mpango wa kurudi chuo, miguu haimuumi. Sasa mtu wa namna hiyo akichagua mume, msomaji atajuaje kwamba kachagua sawa? Lazima wasomaji wamchagulie wao, ndicho wanachofanya.

Ipo ya Kijapani, We Married as a Job!, ya 2016, sehemu 11 tu. Mikuri ana shahada ya uzamili na hana kazi. Anaanza kufanya usafi kwa Hiramasa, halafu wanakubaliana waoane kwa mkataba, analipwa mshahara kwa kazi za nyumbani. Taratibu wanapendana. Siku Hiramasa anamposa kweli kweli, anamwonyesha hesabu: tukioana rasmi, ule mshahara tutauweka akiba. Sisi tunaotazama tunasubiri machozi ya furaha. Mikuri anamwambia huko ni kuyanyonya mapenzi, yaani kwa kuwa nakupenda ndiyo nifanye kazi bure? Niliruka kitandani. Na hakumwacha, wala Hiramasa si mbaya, ila yule dada tangu sehemu ya kwanza tunajua anachotaka: kazi yake ionekane ni kazi. Hapo hata angeposwa na nani, jibu lingetoka kwake.

Shomari tunampenda kwa sababu ndiye mtu pekee humo ndani aliyemtazama Zuhura akaona ana mwili unaoweza kunenepa. Wewe mwenyewe hujamtazama.

Bi Chungu Kimoja

Nesi kafunga uzi. Mods fungeni.

Pweza Mkavu

Kiti cha dirishani 😂😂 nimemwaga chai.

Dada Kalamu (mleta uzi)

Nesi, nilikukasirikia kama saa mbili hivi. Halafu nikafungua daftari langu la wahusika. Faraji ana kurasa nne, mpaka aina ya saa anayovaa. Shomari ana nusu ukurasa. Zuhura ana mistari mitatu, na wa kwanza ni "mweupe kiasi, mpole".

Msukuma, ile ya mshumaa nimeikubali. Sehemu ya 12 siwezi kuifuta, imeshasomwa, ila Faraji atalazimika kuirudia siku ile kwa mdomo wake, mbele ya wagonjwa wale wale, na asijibiwe.

Nani ataolewa na nani sijui bado. Nampa Zuhura sehemu tatu kwanza, tuone.

Dada Kalamu (mleta uzi)

Mrejesho. Jana usiku nimetupia sehemu ya 39. Zamu ya usiku mwanzo mwisho, hakuna mwanaume hata mmoja zaidi ya babu wa kitanda cha 6. Zuhura anajaza fomu ya kwenda kusomea ukunga, anaificha chini ya daftari la dawa kila mtu akipita. Grupu lilikaa kimya dakika kama kumi, nikajua nimekwisha. Kisha Mke wa Fundi akaandika, "Ada analipa nani?" Ikawa hiyo mpaka saa saba usiku, watu wanapigia hesabu mshahara wa Zuhura. Wawili wameuliza Shomari yuko wapi. Faraji hajaulizwa na mtu.

Nesi wa Zamu

Nimeisoma. Fomu nzuri, babu mzuri. Ila ile dripu ya kitanda cha 6 ulivyoifunga, babu angekuwa marehemu kabla ya alfajiri. Njoo PM nikuelekeze kabla hujatupia ya 40.