Yule wa chipsi kanidhalilisha mbele za watu kisa kachumbari!

Wakuu, natetemeka hapa, hata herufi naziona mbili mbili. Yule wa chipsi wa njia panda. Simtaji, Arusha nzima mnamjua kwa ule mwavuli wake uliochanika.

Nimefika njaa inauma, matumbo yanagombana. Nimeagiza chipsi mayai na mishkaki miwili, hela nimetoa kabisa. Mara namwona anatoa nyanya kwenye kiroba, ina udongo wa kutosha kupanda mahindi, anaipangusa kwenye aproni. APRONI! Ile aproni ilikuwa nyeupe enzi za Mwalimu. Kabichi ndiyo kabisa, kalizamisha kwenye ndoo aliyotoka kusuuzia sahani, maji rangi ya mbege. Nikamwambia kistaarabu tu, "Kaka, hiyo si ungeiosha vizuri? Mayai ya minyoo hayo." Akanigeukia, foleni nzima inasikia: "Mzee, kama unaogopa minyoo si ukale wodini."

Wodini, jamani! Kuna binti alicheka mpaka soda ikamtokea puani.

Nikamwambia mnyoo jike mmoja, ile mikubwa ya mviringo, anataga mpaka mayai 200,000 kwa siku na kwa macho huyaoni. Akajibu, "Kama hayaonekani, wewe umeyaonaje?" Foleni ikacheka tena. Akachukua nyanya nyingine. Akaipangusa kwenye aproni. Taratibu, huku ananitazama machoni.

Wodini! Mtu kama huyu unamfanya nini?

Chalii_Ngarenaro: Swali dogo mkuu. Chipsi ulikula au uliacha?

Mleta mada: Hiyo siyo hoja.

Chalii_Ngarenaro: Kala huyu 😂😂

MamaBonge: Na kachumbari akaomba nyongeza.

Mleta mada: NILISHALIPA!

Mpima_Choo: Mimi ni mtu wa maabara, jamaa ana hoja. Na msijidanganye na ndimu wala siki, mayai ya minyoo yanavumilia hayo. Sugua mboga kwenye maji yanayotiririka, menya, ukiweza pika kabisa. Kuna mayai ya tegu la nguruwe pia. Yanatoka kwenye kinyesi cha binadamu mwenye tegu, yakifika kwenye mboga ukayameza, viluwiluwi vyake vinaweza kwenda kukaa ubongoni ukapata kifafa, hata kama kitimoto hujawahi kuonja.

Mzee_wa_Nusu_Kilo: Kwa hiyo kitimoto hakina kosa? Asante daktari, ngoja nimsomee mke wangu.

Mpima_Choo: Sijasema hivyo mzee. Chenye malengelenge ya viluwiluwi vya tegu kisipoiva ndicho kinakupa tegu lenyewe.

Mzee_wa_Nusu_Kilo: Mimi nimezima redio pale mwanzo.

MamaBonge: Kitimoto chenyewe siku hizi ni mifupa. Unalipia kilo, unakula robo, mbwa wa jirani ndiye anashiba.

Chalii_Ngarenaro: Afadhali mifupa. Leo konda wa Hiace ya Kijenge kaondoka na chenji yangu, namdai anajifanya anaongea na simu. Simu yenyewe imezimika!

Dada_Sakina: Yule mwenye kofia ya njano? Mimi namdai SAMAHANI tangu mwezi jana!

MamaBonge: Huyo huyo! Kanishusha kituo cha mbele na mkungu wangu wa ndizi!

Mleta mada: Jamani, turudi kwenye wodini...

Dada_Sakina: Kaka, sisi tunaongelea konda. Kama una lako fungua uzi wako.