Tupeane uzoefu: tangi la samaki la ukubwa gani lilikufaa, na lipi lilikuponza?

Mama Wawili, Mukono
Jana nimekwenda kumpa hongera jirani aliyejifungua, nikakuta mezani bakuli la kioo, samaki wa dhahabu watatu ndani, midomo yote juu wanatafuta hewa. Nimerudi nyumbani sina raha. Mwaka juzi niliua watano kwenye bakuli kama hilo hilo la lita 6. Kijana aliyeniuzia aliniambia samaki hukua kulingana na chombo, nikamwamini. Sasa binti yangu anaomba tena na safari hii sitaki kubahatisha. Mliofuga, mlianza na tangi la ukubwa gani?

Mzee wa Gaba
Hilo la kukua kulingana na chombo ni uongo. Samaki anadumaa kwa sababu anaogelea kwenye uchafu wake mwenyewe. Amonia, sumu itokayo kwenye uchafu huo, inampanda taratibu mpaka afe. Wa dhahabu akitunzwa anapita sentimita 20 na anaishi miaka kumi na zaidi. Mmoja mpe lita 75, kila anayeongezeka muongezee 40.

Shamba Boy
Kweli kabisa, mzee.

Kijana wa Kisenyi
Mnatisha watu bure. Mimi nina samaki mpiganaji kwenye mtungi wa lita 5, huu mwaka wa pili, mzima.

Mzee wa Gaba
Mpiganaji anavuta hewa ya juu ya maji, ndiyo maana hafi upesi. Kutokufa si kustarehe, ssebo. Mpe lita 20 uone rangi zake.

Kijana wa Kisenyi
Wangu hujamwona, mzee wangu. Rangi anazo.

Dada wa Entebbe
Msihesabu lita peke yake. Nilipata enkejje sita, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, kwa mvuvi, nikawaweka kwenye tangi lililosimama kama kabati: refu kwenda juu, chini sentimita 45 tu. Dume mmoja akajimilikisha sakafu yote. Wenzake walibanana pembeni ya chujio, mapezi yamechanika. Nilipohamia la futi nne na kupanga mawe, kila dume akapata pango lake. Tangi pana pia linaingiza hewa vizuri, uso wa maji ni mkubwa.

Shamba Boy
Enkejje si ndizo wanazopewa watoto wenye surua? Kwetu tunazikausha.

Dada wa Entebbe
Kwetu pia. Lakini tangu sangara aletwe ziwani miaka ya 1950, aina nyingi zimekwisha. Hawa wangu sitawakausha.

Ghorofa ya Tatu, Bukoto
Sikutaka kulisema hili, ila mmenikumbusha. Nilitengenezewa tangi la sentimita 120 kwa 50, kimo 60. Piga hesabu: lita 360, yaani kilo 360 za maji kabla ya kioo na changarawe. Fundi akatumia kioo cha milimita 6, bila mkanda wa kioo juu wa kushikilia. Wiki ya tatu niliona kioo cha mbele kimefura kidogo, ukitazama kwa ubavu. Nikasema nitamwita Jumamosi. Alhamisi, saa nane usiku, nikasikia mlio kama mlango umepigwa teke. Nilipokanyaga sakafuni maji yalikuwa vifundoni. Samaki wanarukaruka chini ya kochi, umeme nimeogopa kuuwasha, naokota kwa tochi ya simu. Mama wa chini akapanda na mtoto mgongoni, maji yanamdondokea kitandani. Nililipa godoro, dari na televisheni yake. Mkono una mshono mpaka leo.

Shamba Boy
Yesu wangu!

Kijana wa Kisenyi
Fundi alikulipa?

Ghorofa ya Tatu, Bukoto
Hata simu hapokei.

Fundi Vioo
Kioo kinasukumwa na kimo cha maji, si wingi wa lita. Kimo 60 usishuke milimita 10, na mkanda juu lazima. Silikoni iwe ile isiyo na dawa ya kuvu. Chini ya tangi weka povu jeupe linalokuja na televisheni, meza isipokuwa sawa, povu litafidia.

Mama Wawili, Mukono
Pole sana, ndugu yangu wa Bukoto. Mimi niko chini, sakafu ya saruji. Nimepima ukuta: 90 kwa 40, kimo 45. Ni lita 162. Nikiacha nafasi juu na kutoa changarawe, kama 140. Samaki wawili, basi.

Mzee wa Gaba
Hapo sawa. Washa chujio wiki nne hadi sita kabla ya kuwaweka wote, ukidondosha chembe za chakula ili bakteria wanaokula amonia wapate kuzaana. Maji ya bomba yalaze usiku kucha kwenye beseni wazi, klorini ipungue.

Dada wa Entebbe
Umeme ukikatika, chota kwa kikombe umwage kutoka juu, kila baada ya muda. Tangi kubwa linakupa saa kadhaa, bakuli halikupi.

Shamba Boy
Wa Bukoto, samaki wako walipona?

Ghorofa ya Tatu, Bukoto
Wanne kati ya tisa. Walilala kwenye beseni la mama wa chini. Yeye ndiye aliyelileta.