Gitaa kavu kwa maiki mbili: kwenye hedifoni linajaa, kwenye simu linakonda

Nyuzi6_Umoja
Wakuu, ninarekodi gitaa kavu kwa maiki mbili za kondensa, zote kadioidi, yaani zinanasa zaidi sauti ya mbele. Moja iko sentimita 15 kutoka kwenye tundu la gitaa, ya pili sentimita 45 mbele ya freti ya 12. Ya kwanza nimeipeleka kushoto kabisa, ya pili kulia kabisa. Kwenye hedifoni sauti ni pana. Kwenye spika moja ya simu gitaa linakonda, na uzi wa kwanza unamezwa kuanzia freti ya 9 hivi. Chumba kina vigae na kuta tupu. Kosa ni la chumba au la maiki?

FundiSauti_Ngara
La maiki, mkuu. Tofauti ya sentimita 30 inaichelewesha sauti karibu milisekunde 0.9. Pande mbili zikijumlishwa kwenye spika moja, wimbi la hezi 570 hivi linamkuta mwenzake amegeuka juu chini, yanafutana. Inajirudia karibu na 1,700. Hiyo 570 iko kati ya freti ya 9 na ya 10 ya uzi wa kwanza, palepale unapolalamikia.

Jaribu mpangilio wa XY. Vichwa vya maiki vikae kimoja juu ya kingine, vikaribiane bila kugusana, pembe ya digrii 90, sentimita 30 kutoka pale shingo inapoungana na mwili. Usizielekeze tunduni, besi itavuma. Geini, yaani ukuzaji wa sauti wa kila maiki, ziwe sawa, la sivyo gitaa litaegemea upande mmoja. Upana utapungua, na hilo inabidi ulikubali. Ukitaka nafasi zaidi, achanisha vichwa sentimita 17 kwa digrii 110, mpango wa ORTF wa redio ya Ufaransa, lakini hapo rudi kusikiliza kwa mono, yaani pande zote mbili zikijumlishwa.

Nyuzi6_Umoja
Asante sana. Na ile kanuni ya 3 kwa 1, maiki ya pili iwe mbali mara tatu?

BengaKayole
Hiyo wengi wanaikosea. Ni ya vyanzo viwili, kila kimoja na maiki yake, mathalani gitaa na mwimbaji: maiki ziachane angalau mara tatu ya umbali wa kila maiki na chanzo chake. Haikuhusu kwa gitaa moja.

Kama wimbo ni wa benga, rekodi gitaa mara mbili kwa maiki moja, pigo la kwanza kushoto, la pili kulia. Mapigo mawili hayafanani kamwe, kwa hiyo hayafutani kama yako. Usinakili pigo moja na kulisogeza milisekunde 15. Utarudia ugonjwa uleule.

FundiSauti_Ngara
Naongezea. Kabla ya kurekodi, weka pande zote mbili katikati, piga kodi ya E wazi polepole, na mtu asogeze maiki moja sentimita moja moja. Besi ikijaa, kaza stendi hapohapo. Kisha geuza fezi ya maiki moja, yaani wimbi lake liwe juu chini: sauti ikinona, bado hujapata mahali. Ikikonda, umepata.

Blanketi ukutani litapunguza mwangwi wa vigae, lakini halitazuia mngurumo wa matatu. Kwa mngurumo huo, kata besi chini ya hezi 60 tu. Uzi wa sita wazi uko hezi 82, kwa hiyo hautaguswa.