MJADALA: Gran Turismo 7 Arusha na Moshi, kwenye mashindano tyuni iruhusiwe au gari zifungwe?

Mleta mada, Sakina

Wakuu habari za jioni. Naleta hili tulijadili wazi kabla watu hawajaanza kuchanga hela za kiingilio, maana kila tukitaka kukutanisha mabanda ya PlayStation (PS) ya Chuga, yaani Arusha, na ya Moshi kwenye Gran Turismo 7 (GT7), gemu ya mbio za magari, tunakwama palepale, tyuni, yaani kubadili setingi za gari. Kuna wanaosema gari iingie na setingi ilizotoka nazo dukani, kuna wanaosema kila mtu aje na zake ili mradi asizidishe PP. Mi niko upande wa kufunga, wote gari moja setingi moja, na nina sababu.

Kwa wasiocheza, PP ni namba ambayo gemu inaipa gari baada ya kupiga hesabu ya nguvu, uzito, matairi na hewa inavyoigandamiza gari chini. Ukisikia mbio za PP 600 unadhani wote wako sawa. Hawako sawa hata kidogo. Kuna mtu kakaa usiku kucha anatafuta mahali ambapo hesabu ya gemu inadanganyika, ananyanyua bodi, anaongeza uzito halafu anausogeza nyuma, anachezea gia, PP inashuka na mwendo uko vilevile. Polyphony Digital waliotengeneza hii gemu wamekuwa wakiziba hayo matundu kwenye apdeti, wanaokumbuka 2022 wanajua ile SRT Tomahawk, gari kali ya kubuni, ilivyokuwa inashushwa mpaka inaingia mbio za 600 za Tokyo Expressway, gari ambayo haikutakiwa hata kusogelea mbio zile.

Sasa huo usiku kucha anao nani? Anao mwenye PS nyumbani kwao. Chalii wa Ngarenaro anayelipia banda kwa saa, akianza kushusha springi na kupanga gia moja moja, saa yake inaisha hajakanyaga mafuta. Siku ya mashindano anakaa pembeni ya mtu wa Njiro mwenye setapu tatu za gari hiyohiyo, ya kavu, ya mvua, na ya mzunguko mmoja wa kutafuta nafasi. Mnaita ujuzi, mi naona ni hela imevaa jezi ya ujuzi. Na kiingilio tunachangishwa sawa.

Mdau wa Majengo, Moshi

Mangi nimekuelewa ila hapana. Ukifunga setingi umeondoa nusu ya gemu. Kuendesha tu hata mtoto wa darasa la nne anaweza akizoea pedi. Kinachotofautisha watu ni kujua gari inataka nini, alafu leo mnataka aliyejifunza akae sawa na ambaye hajui hata difu ni nini. Huko kwenye mpira kuna timu inaambiwa isifanye mazoezi ya ziada kwa sababu nyingine haina uwanja?

Fundi, Unga Limited

Vijana salama. Mi ni mtu wa gereji, Subaru nazifungua mchana na jioni nacheza na hawa wanaojifunza kwangu, ko naongea kama mtu anayezishika za kweli na za kwenye kioo.

Kijana akiniambia gari haigeuki namuuliza haigeuki saa ngapi. Ukiwa umeshika breki unaingia kona, ukiwa katikati umeachia kila kitu, au ukiwa unatoka umekanyaga mafuta? Hizo ni shida tatu na dawa zake ni tatu. Ikigoma ukiwa kwenye breki nenda kwenye difu, ile inayogawa nguvu kwa tairi la kushoto na la kulia, upande wa breki upunguze, maana imekaza sana na matairi mawili yanazunguka pamoja wakati la nje linatakiwa litangulie. Ikigoma katikati, legeza stebilaiza ya mbele, ile chuma inayozuia gari kulala kwenye kona, kidogo kidogo, usirukie namba kubwa. Ikigoma unapotoka, na hasa hizi za kuvuta miguu yote minne kama Lancer na Impreza, difu ya mbele upande wa mafuta imezidi, punguza. Alafu badili kitu kimoja tu, endesha mizunguko kadhaa, ndo ubadili kingine. Wengi wanabadili vitu vitano kwa pamoja, gari ikikaa vizuri hawajui nini kimesaidia, ikiharibika hawajui warudi wapi.

Hayo ndo mambo yaleyale niko nayo chini ya gari hapa. Gari ya mteja siwezi kumpa kijana aichezee difu aone itakuwaje, kwenye gemu anaweza kuikosea mara mia na hamna anayekuja kulalamika na panga. Mnaujua huu mkoa ulivyo na damu ya rali, Safari Rally ilipoanza 1953 ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na mpaka leo Arusha na Moshi Subaru ikipita na mlio ule kila mtu anageuza shingo. Ko mkisema tyuni ifungwe kabisa mnafunga mlango ambao vijana wangu wameingilia kwenye ufundi. Hapo sikubali.

Ila mleta mada ana hoja kwenye suala la muda, siwezi kumpinga. Mi nasema ipimwe kwa saa. Gari moja kwa wote, haijaguswa, kila mtu anapewa dakika 30 za kuitengeneza mbele ya wenzake, zikiisha anaacha pedi. Hapo usiku kucha wa mtu haumsaidii.

Dada mwenye banda, Soweto Moshi

Hizo PS mnazopangia mikakati ni zangu, naomba na mimi nisikilizwe.

Kwanza hizi gari mpya. Kila apdeti inayokuja ina gari kadhaa, za bure ndiyo, ila kuishusha bando ni langu, na gari ikishaingia bado inanunuliwa kwa kredit za ndani ya gemu. Ilivyokuja Toyota Alphard watoto hawakulala, wanataka waione inavyokaa kona maana mtaani wanaiona kila siku. Himedic ndo kabisa, ile ambulansi iliyojengwa juu ya HiAce. Sawa, inafurahisha na inaleta wateja. Lakini kredit za akaunti ya banda zikiisha nani anazirudisha? Mbio za Tokyo za 600 ukizimaliza safi bila kugonga unapata 825,000, na kuna gari za zamani zinafika milioni 20, piga hesabu ni mara 24 na zaidi mtu anakaa kwenye kiti kwa ajili ya gari moja. Ukitaka kununua kwa hela ya kweli, bei ya Marekani gemu ilipotoka kredit milioni 2 zilikuwa dola 19.99, ko hiyo gari moja ni kama dola 200. Nani huku anatoa hiyo? Na wengi akaunti zetu ni za nchi nyingine, kadi ya benki ya hapa inagoma, mpaka ununue gifti kadi kwa mtu.

Mnakumbuka Machi 2022 walivyopunguza zawadi za mbio kwenye apdeti, tena ileile iliyozima seva zaidi ya saa 30? Dunia nzima ililalamika mpaka Kazunori Yamauchi mwenyewe, bosi wa waliotengeneza gemu, akaandika kuomba radhi, wakatoa kredit milioni 1 kwa wachezaji na Aprili wakapandisha malipo. Kama wa Ulaya walilia, sisi je.

Pili, na hili kaka zangu mlisome vizuri. Kwenye hiyo gemu kuna vitu ukishavipachika kwenye gari havitoki kirahisi. Kupunguza uzito, kutanua silinda, bodi pana. Mtoto analipia nusu saa, anaingia kwenye gari ya banda, anaitanua silinda kwa kredit zangu, anaondoka. Gari ile siyo ya kawaida tena, kuirudisha ni gharama yangu. Mi sina ugomvi na tyuni, ila ruhusa ya kila mtu apachike anachotaka kwangu haipo. Tena injini za kubadilisha ndo usiseme, mpaka akaunti ifike kiwango cha 50 ndo unauziwa, akaunti gani ya banda imefika huko?

Mdau wa Kijenge

Hameni tu wakuu. Forza Horizon 5, gemu nyingine ya magari, imeingia PS5 tangu Aprili 2025, kule mtu akitengeneza tyuni nzuri anaiweka wazi na namba yake, wewe unaitafuta unaishusha unaendesha. Asiyejua kutyuni anatumia ya anayejua, mjadala umekufa.

Mleta mada, Sakina

Kijenge mwanangu, PS5 ziko kwenye mabanda mangapi? Mengi huku ni PS4, GT7 inacheza kwenye zote mbili ndo maana tumeikalia. Ila hiyo ya kuweka wazi umenipa kitu, ntairudia.

Majengo, mfano wako wa mpira haukai. Timu isiyo na uwanja inakimbia hata barabarani na pumzi inaipata. Huku asiye na PS hana pa kujifunzia bila kulipa, kila dakika ina bei. Na ukisema kuendesha tu mtoto anaweza, njoo tuweke Mazda Roadster ya kawaida, matairi ya comfort yasiyoshika sana, misaada yote ya gemu imezimwa, pale Nürburgring, kilomita 20 na ushee. Hapo hamna setapu ya kukubeba, ni breki, macho na mkono wako. Nimeona watu wenye setapu kali wanaloa pale. Hata kwenye Sport Mode yenyewe, zile mbio za mtandaoni, kuna mbio nyingi gemu inasawazisha gari zote na kukataza setingi, na hakuna anayesema zile mbio ni za wasiojua.

Fundi shikamoo. Maneno yako yameniingia, hasa la kubadili kitu kimoja kimoja, na sitaki vijana wako wakose. Ila dakika 30 kwa kila mtu haziwezekani. Watu 16 ni saa 8 za kutyuni kabla mbio hazijaanza, na PS ya dada inalipiwa. Tena yule wa Njiro namba zake kaziandika kwenye simu, anaziingiza kwa dakika 5 na 25 zilizobaki anafanya mazoezi. Saa yako haimzuii, inampa nafasi mara mbili.

Ko napendekeza hivi. Raundi zote za mchujo gari imefungwa, setingi za dukani, kila mtu mizunguko yake kwenye PS ileile. Wanne wa mwisho tu ndo waruhusiwe kutyuni, na setapu zao zibandikwe ukutani wiki moja kabla, namba zote, springi, difu, gia, kila mtu azione azipige picha. Anayetaka kutumia ya mwenzake atumie. Kama setapu yako ni nzuri na wewe ni dereva mzuri, huna cha kuogopa kuionyesha. Vitu vya kudumu hapana kabisa, kwa heshima ya dada. Na gari iwe ya bei ndogo ambayo kila banda inaweza kununua, mi nasema Toyota GR86.

Mdau wa Majengo, Moshi

Kuonyesha setapu yangu ukutani sikubali. Nimeihangaikia. Mnataka nifundishe watu wanipige kwa kazi yangu mwenyewe.

Fundi, Unga Limited

Meku, setapu yangu mi naibandika hapa gerejini kesho, ya hiyo GR86, uje uisome. Namba peke yake haimfikishi mtu popote kama hajui kwa nini nimeziweka hivyo. Mimi nalegeza nyuma kwa sababu naingia na breki nyingi, wewe usiyeingia hivyo gari yangu itakugomea kugeuka kona ya kwanza. Ila mleta mada, kwenye wanne wa mwisho waachie walau dakika 10 za kurekebisha baada ya kuona setapu za wenzao, bila hivyo unaonyesha karatasi tu.

Dada mwenye banda, Soweto Moshi

Wanne kwa dakika 10 ni dakika 40, hizo nazitoa bure. GR86 nanunua leo usiku bando la usiku likianza, naiweka pembeni na hamna atakayeipachika hata kitu. Atakayeigusa bila ruhusa analipa ya pili. Nyie Chuga nunueni ya kwenu, na mchague nani anakuja kuikagua ya huku.